Kuunganisha mistari ya faili: anza na paste

Anayetuma ujumbe mfupi kwa wazazi wa shule nzima hukutana mara kwa mara na faili lenye namba moja ya simu katika kila mstari, ilhali mfumo wa kutuma unazitaka zote kwenye mstari mmoja, zikitenganishwa kwa mkato. Kazi hii nimeifanya kwa amri mbalimbali za terminal (dirisha la kuandikia amri kwenye Linux au Mac), na ushauri wangu ni kuanza na paste:

paste -sd, namba.txt

Herufi s huunganisha mistari yote kuwa mmoja, na d hutaja kitenganishi. Wengi hukimbilia amri ya tr '\n' ',' kwa sababu hukumbukwa upesi, lakini tr hubadilisha kila alama ya mstari mpya (\n), hata ile ya mwisho kabisa, hivyo mkato mmoja hubaki ukining'inia mwishoni. Nayo amri ya sed husoma mstari mmoja mmoja na kuiondoa alama hiyo kabla ya kuanza kazi. Ndiyo maana s/\n/,/ (badilisha \n iwe mkato) peke yake haibadilishi chochote.

Zingatia kwamba paste huchukua kila herufi ya d kuwa kitenganishi kinachojitegemea. Ukiandika -d ', ' pengo la kwanza litapata mkato, la pili nafasi, la tatu mkato tena.

Linalosumbua watu zaidi ni mafaili yaliyoandikwa kwenye Windows, ambayo kila mstari wake huishia kwa alama mbili, \r na \n. Kwa kuwa paste hugusa ya pili tu, ile \r iliyobaki hurudisha kishale mwanzoni mwa mstari, na namba huandikwa juu ya namba. Kwenye skrini utaona ya mwisho tu, ikitanguliwa na mkato, udhani nyingine zimepotea, kumbe zote zimo. Safisha kwanza:

tr -d '\r' < namba.txt | paste -sd, -

Usikiache kile kistari cha mwisho, kinachoiambia paste isome kinachotoka kwa tr: Linux haikidai, lakini kwenye Mac amri hukataa kufanya kazi bila hicho.

Kistari hichohicho hufaa pia pale taarifa za kila mzazi, yaani jina, simu na mtaa, zinapokaa kwenye mistari mitatu:

paste -d, - - - < wazazi.txt

Kila kistari huvuta mstari unaofuata. Mzazi mmoja akikosa mtaa, wote walio chini yake husogea na majina huangukia safu ya simu, kwa hiyo hesabu mistari kwa wc -l uone kama inagawanyika kwa tatu, kisha pitia safu ya simu kwa macho kabla ya kutuma.