Chokaa ya soda iliyorudia weupe: inafaa tena?

SWALI: Natumia ribritha ya mzunguko uliofungwa, yaani kifaa cha kuzamia kinachosafisha pumzi yako ili uivute tena. Nilipotoka majini, punje za chokaa ya soda, zinazonasa kabonidayoksaidi ya pumzi, kwenye kopo la kuchujia zilikuwa zambarau. Asubuhi yake nikazikuta nyeupe. Mwenzangu anasema zimejisafisha, nizianike juani kisha nizitumie. Ni sawa?

JIBU: Si sawa. Zimwage. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara yupo "mwenzangu" fulani nyuma yake.

Rangi ya kiashiria iliyotiwa kwenye punje hugeuka zambarau alkali ya usoni mwa punje inaposhuka, pH chini ya 10.3 hivi. Kopo likilala usiku kucha, hidroksidi (alkali inayonasa kabonidayoksaidi) kidogo iliyosalia ndani husogea nje na zambarau hufifia. Ukianza kupumulia tena, weupe huo haudumu. Sehemu iliyokwisha kazi imeshakuwa kalisi kabonati, yaani jiwe la chokaa, na kulirudisha kunataka tanuri la nyuzi zaidi ya 800, kisha maji. Jua litaweza wapi?

Hilo la kuanika ndilo linaloniudhi zaidi. Punje hutoka kiwandani na unyevu, mara nyingi asilimia 14 hadi 19 ya uzito wake, na unyevu huo una kazi: kabonidayoksaidi huyeyuka humo kwanza ndipo ikutane na hidroksidi. Hata punje mpya kabisa ukizikausha umeziua.

Mafundi wa njia za mkato wana mengine: kuchekecha punje za zamani na kuzichanganya na mpya, au kujaza kopo bila kuligongagonga zikae. Gesi ikipata upenyo mmoja pembeni mwa kopo, hupita hapo na kuziacha punje nyingine zote bila kazi. Kisha mtu anavuta kifaa dakika 5 nchi kavu, "mbona niko sawa," anashuka. Wengi hawahisi kitu wakiwa wametulia! Na vitambuzi vya oksijeni havipimi kabonidayoksaidi. Skrini yaweza kuonyesha shinikizo la oksijeni la baa 1.3 kama ulivyopanga huku sumu ikikujaa.

Chini, gesi ikiwa nzito na miguu ikipiga, unaanza kuhema kiasi kwamba huwezi kutoa kifaa mdomoni hata sekunde chache ili ushike kingine. Ndiyo maana baadhi ya vifaa vya mdomoni vina vali inayokuhamishia mtungi wa akiba bila kuvitoa. Ukijikuta unahema bila sababu, igeuze hapo hapo, usingoje kichwa kianze kuuma.