Kwa mliochaguliwa kuwasemea wenzenu hotelini

Hongereni, wadogo zangu. Kazi hii nimeifanya hapa Malindi miaka 18, na la kwanza nitakalowaambia ni hili: mwenzako akikujia analia, usikimbilie kwa meneja. Mketishe, umsikilize mpaka amalize, kisha muulize yale ambayo meneja atamuuliza.

Mwaka wangu wa kwanza nilimsimamia kijana wa baa aliyedaiwa kukosa kazini siku 3. Aliniambia alikuwa mgonjwa, nami nikaingia ofisini kwa sauti kubwa. Meneja akafungua daftari la getini: siku mojawapo kijana alikuja, akatia sahihi, akaondoka. Hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Alifukuzwa. Ningelijua mapema, tungeanza kwa kuomba radhi na huenda angepewa onyo tu. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kisomeni kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007. Kabla mtu hajaachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale pale. Hiyo “lugha anayoielewa” ishikeni sana. Nimemwona mpishi akisomewa makosa yake kwa Kiingereza, akaitikia kwa adabu tu, ikaandikwa kwamba amekiri. Omba kikao kisimame, kirudiwe kwa Kiswahili.

Wanaoumia zaidi ni vibarua. Mvua za Aprili na Mei zikianza, wageni wanapungua, hoteli nyingine zinafungwa, na kibarua wa miaka mingi anaambiwa tu, “Tutakuita.” Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazotimia mwezi mmoja au zaidi ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Lakini siku hizo utazionyesha vipi?

Dada mmoja wa dobi alikuwa na daftari la shule, jalada limebabuka kwa jiki. Kila siku aliandika tarehe, saa aliyoingia na idadi ya shuka alizofua. Kurasa nyingine zililowa, wino ukasambaa, ila tarehe zilisomeka. Tulipoliweka mezani, meneja alilipekua kimya kwa muda mrefu. Mwezi uliofuata dada yule alipewa barua ya kazi.

Kusajili wanachama, fanyeni Desemba watu wakiwa wengi, maana chama hutambuliwa na mwajiri kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Msizitembeze Fomu S, zile za kukubali ada ya chama ikatwe kwenye mshahara, jikoni wakati wa chakula cha jioni. Wasubirini wenzenu wakitoka zamu, penye tuktuk. Na mgomo hauanzi bila notisi ya siku 7.

Kesho mkienda kazini, pitieni dukani mnunue madaftari mawili: moja lako, la pili mpe kibarua unayefanya naye zamu.