Mistari ya mfarishi inapinda: acha kuvuta kitambaa

SWALI: Shikamoo fundi. Nashona mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita. Juu nimeweka khanga, katikati pamba ile ya kununua kwa mita, chini shuka. Cherehani yangu ni nyeusi, ya miguu. Mistari ya mwanzo inanyooka, halafu inaanza kulala upande, na nikifika ukingoni khanga inajikunja. Fundi aliyekuja kuitazama alikaza skrubu ya juu ya mguu, ule unaokandamiza kitambaa, akaniambia niwe navuta kwa nyuma. Hali ni ileile. (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Marahaba. Anza kwa kuilegeza hiyo skrubu aliyoikaza.

Meno ya cherehani yapo chini ya kitambaa. Yanasukuma shuka, khanga ya juu inaburuzwa tu huku imebanwa na mguu. Katika kitambaa kimoja huoni tofauti. Ukiweka pamba katikati, khanga inabaki nyuma kidogo kwa kila mshono, na ile ziada inasukumwa mbele mpaka ukingoni. Ndiyo mikunjo yako hiyo. Kadiri mguu unavyokandamiza, ndivyo khanga inavyozidi kubaki nyuma.

Na huko kuvuta! Kila wiki naletewa kazi iliyovutwa, mishono mingine mirefu, mingine imesongamana, na mwenye kazi anasema mkono wake mzito. Mkono hauna kosa. Ukivuta, sindano inapinda, inagonga bamba, inakatika. Kazi ya mikono ni kuongoza kitambaa na kubeba uzito wake. Mfarishi ukining'inia nje ya meza unaivuta kazi upande siku nzima, kwa hiyo sogeza meza nyingine kushoto kwako.

Kinachoshika tabaka tatu ni bandi, ile mishono mirefu ya muda. Piga bandi kwa mkono kuanzia katikati kwenda nje, safu ziachane kiasi cha upana wa kiganja. Usidanganywe na gundi ya kupaka, inaganda kwenye sindano na uzi unakatika. Ukipata mguu wa kutembea, ule wenye meno yake ya juu, nunua, ila pima kwanza kama unaingia kwenye cherehani yako. Sindano weka namba 14, au 16 kama pamba ni nene, na mshono wa milimita 3 hivi.

Sasa kuhusu kulala upande. Nadhani unapima kila mstari kwa ukingo wa mguu kutoka mstari uliotangulia. Ukikosea milimita 2 kila mara kwa upande uleule, mstari wa kumi umeshatoka karibu sentimita 2. Chora mistari mikuu kwa kipande cha sabuni kikavu na rula ndefu, mmoja kila sentimita 20, wa kwanza katikati kabisa, kisha ujaze kati yake. Ukishona, macho yawe kwenye mchoro mbele ya mguu, yasiwe kwenye sindano.

Halafu usifuate pindo la khanga. Chapa mara nyingi haiendi sawa na uzi wa kitambaa. Chomoa uzi mmoja pale ukingoni uone unakokwenda; utakuta pindo limeuacha kwa upana wa kidole. Na khanga hiyo ilipaswa kufuliwa kabla ya kukatwa, wanga utoke na isirudi baadaye.

Wengine mnaosoma, kuweni macho na hawa wanaopita mitaani na tupa mfukoni. Akiona mistari imepinda anasema meno yameisha, anayanoa. Meno yaliyonolewa ovyo yanachana kitambaa, na baada ya hapo hakuna la kufanya ila kununua mengine. Mwingine anamimina mafuta ya nazi, ambayo yakikaa yanageuka ulimbo na cherehani inakuwa nzito. Mafuta ni yale mepesi ya cherehani, tone moja moja. Anayetaka kufungua chochote mwambie kwanza ashone mbele yako vipande viwili vya khanga vyenye pamba katikati, vilivyopigwa bandi. Vikitoka sawa, mlipe nauli aende zake.