Miche ya nyanya iliyolelewa ndani usiitoe juani kwa siku moja

Pole sana mkuu. Umesema miche yako ya nyanya uliilea dirishani sebuleni hapo Moshi, Jumamosi ukaitoa nje kutwa nzima, Jumatatu majani yakawa meupe kama karatasi, na dukani wakakuuzia dawa ya ukungu. Usipulize kwanza. Hilo ni jua, si ugonjwa.

Inua jani moja uangalie. Ukungu huanza na madoa na kusambaa siku hadi siku. Jua huunguza kwa mkupuo, na pale jani lilipofunikwa na mwenzake utakuta bado kijani kabisa.

Mimi niko Usa River, karibu na Arusha, naotesha nyanya na hoho. Mwaka wa kwanza nilipoteza trei tatu hivyo hivyo, Februari, kwa mchana mmoja. Iliniuma, kwa sababu miche ilikuwa mirefu na inapendeza. Kumbe urefu ule ndio ulikuwa dalili mbaya: ilikuwa inatafuta mwanga. Jani lililokulia ndani ni laini, nta yake ni nyembamba, na shina halijawahi kuyumbishwa na upepo.

Siku hizi trei zinaanzia chini ya mparachichi, kwenye kivuli kinachopenyeza mwanga kidogo, kwa muda wa saa mbili au tatu hivi, halafu narudisha ndani. Siku mbili zikipita naionjesha jua la asubuhi, saa moja hadi saa tatu. Kisha naongeza kidogo kidogo kila siku, na jua la saa sita mchana ndilo la mwisho kabisa. Yote huchukua siku saba hadi kumi, ingawa kalenda siifuati sana, naufuata mche. Ulio tayari kijani chake kimekolea, shina limeingia uzambarau kwa chini, na ukipitisha kiganja juu ya trei miche inalala kidogo kisha inasimama yenyewe. Moshi mjini mko chini kuliko sisi na joto lenu ni kali, kwa hiyo ongeza siku mbili za kivuli. Kwetu shida nyingine ni baridi ya Julai. Hoho haziipendi, nazilaza ndani.

Kwenye maji ndipo wengi wanapokosea. Wanaambiwa wapunguze, wao wanakata kabisa. Acha udongo wa juu ukauke, kisha nyanyua trei kwa mkono: ikiwa nyepesi, mwagilia. Matundu yale madogo ya trei yakipigwa na upepo hukauka kwa saa chache tu, kwa hiyo mchana lazima uchungulie. Mbolea ya yurea simamisha wiki hiyo, itakurudishia majani laini.

Miche uliyonayo iingize kivulini leo. Majani yaliyoungua hayatarudi kuwa kijani, lakini usiyang'oe. Tazama kilele, pale katikati majani machanga yanapochomoza. Kikiwa kibichi, mche utapona. Subiri utoe majani mapya, halafu uanze nao siku ya kwanza kama nilivyoeleza. Kilele kikiwa kimekauka, usipoteze muda, sia mbegu nyingine. Ikifika siku ya kuhamishia shambani, mwagilia trei kwanza, upande jioni kuanzia saa kumi na moja, mche upate usiku mzima kabla ya kukutana na jua.