Sentensi moja ambayo sikuitafsiri

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama adhabu ya matamshi ya chuki iongezwe, au kama sheria imeshaanza kuubana uhuru wa watu kusema. Nililisoma swali asubuhi nikaliweka kando. Usiku usingizi ukakataa, nikaamka kuandika.

Jibu langu la kwanza ni hili: iongezwe. Hapa Kenya, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, kifungu cha 13, inasema mwenye hatia atozwe faini isiyozidi shilingi milioni moja, au afungwe miaka isiyozidi mitatu, au vyote viwili. Kifungu cha 62, kinachohusu kuwadharau watu kwa sababu ya kabila au rangi, kinafika miaka mitano. Mtu anayeshukia mkutanoni kwa helikopta hataumizwa na milioni moja. Mpeni miaka kumi.

Hayo nimeyaandika kwa dhati na sitayafuta. Lakini lazima niseme ninaongea nikiwa nani, kwa sababu katika jambo hili mimi si mtazamaji. Desemba 2007 nilikuwa mkalimani jukwaani.

Nilikuwa na umri wa miaka 26, mwalimu aliyehitimu na asiye na kazi, katika kituo kidogo cha biashara kule Bonde la Ufa. Sitakitaja kituo wala lugha yangu. Nikizitaja, nusu ya wasomaji wataanza kuhesabu ni kina nani waliochoma na kina nani waliochomewa, na nusu nyingine wataacha kusoma. Inatosha kusema kwamba wenyeji wa lugha yetu tulikuwa karibu nusu, na waliobaki walikuwa watu waliokuja kununua mashamba na kufungua maduka tangu enzi za baba zetu. Sote tulikutana kwa Kiswahili. Mgombea alipokuja kutafuta kura siku ya soko, vijana wake walitafuta mtu wa kumfasiria, wakanipata mimi kwa shilingi 500.

Jukwaa lilikuwa nyuma ya lori. Nilisimama kushoto kwa mheshimiwa, kila mmoja na kipaza sauti chake. Nilipoangalia mbele, juu ya vichwa vya watu, niliona kibaraza cha jirani yangu, fundi wa kushona. Hakuacha kazi ili aje karibu. Alikuwa anakunja pindo za sare za shule za Januari, tepu ya kupimia shingoni, mguu unakanyaga cherehani, sikio likiwa kwetu. Mzee huyo ndiye aliyenishonea suruali ya kwanza ya kwendea chuo, akanidai nusu ya pesa na hakuiulizia tena.

Mheshimiwa alisalimia kwa Kiswahili safi, kisha akahamia lugha yetu. Alisema sentensi mbili akanisubiri, mbili akanisubiri. Barabara, bei ya mbolea, hospitali. Nilianza hata kufurahia kazi, maana sauti yangu ilikuwa inarudi kutoka kuta za maduka ng'ambo ya pili. Ndipo akapunguza sauti, kama mtu anayeongea na jamaa zake nyumbani, akasema:

"Mgeni akikaa sana kivulini husahau aliyepanda mti. Tukimaliza kura, tutafyeka."

Kitenzi alichotumia katika lugha yetu si cha kupunguza matawi. Ni kile cha kuangusha kila kitu mpaka chini unapotayarisha shamba jipya. Na kila mtu mzima aliyekuwa pale alikumbuka lini neno hilo lilitumika mara ya mwisho kwa habari ya watu. Ilikuwa 1992, mwaka wa mapigano ya kikabila Bonde la Ufa.

Waliolielewa walicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa kicheko cha watu wanaojuana. Wasiolielewa hawakucheka. Waligeuza nyuso zao, zote kwa pamoja, zikanitazama mimi. Cherehani kule kibarazani ilinyamaza. Kipaza sauti nilikuwa nacho mdomoni, na nakumbuka harufu ya sponji yake iliyokuwa imelowa mate ya watu wengi kabla yangu. Nikasema:

"Mheshimiwa anasema, baada ya kura tutasafisha mashamba yetu, tulime pamoja."

Wakapiga makofi. Fundi naye alipiga makofi, sindano mbili zikiwa zimechomekwa kwenye kola ya shati lake. Mheshimiwa alijua Kiswahili kuliko mimi. Alinigeukia, akanitazama kidogo, akatabasamu, akaendelea.

Kwa siku kadhaa nilijiona nimefanya jambo jema. Nilijiambia nimezima moto kabla haujashika. Kura zikapigwa tarehe 27, matokeo yakatangazwa tarehe 30, vurugu zikazuka, na kabla Januari haijafika siku ya tatu duka la fundi lilikuwa majivu, na nyumba yake iliyokuwa nyuma ya duka pia. Walitoka salama, yeye, mkewe na watoto wanne. Alichookoa ni kichwa cha cherehani tu. Alikifungua kutoka mezani gizani, akakitia kwenye gunia la mkonge, akakipakata juu ya lori mpaka Eldoret, katika uwanja wa maonyesho ya kilimo ambako maelfu ya watu walikuwa wamepiga hema.

Nilimfuata huko Februari, nikiwa nimebeba unga na blanketi. Alinipokea vizuri. Tuliongea habari za watoto, za matope, za foleni ya maji. Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti:

"Mwanangu, siku ile ya lori, wale watu walipocheka, mheshimiwa alisema nini?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, na kitenzi chenyewe nikamfafanulia. Alikaa kimya akipapasa gunia lile lililokuwa kando yake.

"Ungeniambia, Mwalimu," akasema, "ningewatoa watoto Desemba hiyo hiyo."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Hata chai alinipa.

Baadaye mwaka huo walikuja maafisa kuandikisha taarifa. Nilieleza nilichosikia. Wakauliza kama kuna kanda. Haikuwepo. Wakauliza wengine. Wenye lugha yetu walisema mheshimiwa alizungumzia miti, na kwa kweli alizungumzia miti. Wasioijua walisema alizungumzia kulima pamoja, kwa sababu ndivyo walivyosikia kutoka kwangu. Watu mia kadhaa waliapa kwa nia safi kwamba hapakusemwa neno baya. Tafsiri yangu ndiyo iliyokuwa utetezi wake. Hakushtakiwa.

Kwa hiyo swali lenu la miaka mingapi linanifikia likiwa limechelewa. Kabla ya hakimu kufikiria miaka, lazima mtu amwambie kilichosemwa. Chuki ya jukwaani haivai sare. Inavaa methali. Ukifungua kamusi, madoadoa ni alama ndogondogo za rangi tu, kama za chui. Lakini muulize aliyehamishwa Bonde la Ufa neno hilo lina maana gani: ni watu wa kabila jingine wanaotakiwa waondolewe. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki mwaka 2022, miaka 30 baada ya watu kuanza kulikimbia.

Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha kuamua kesi za mauaji ya Rwanda iliona ugumu huohuo. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, majaji walilazimika kumsikiliza mtaalamu wa isimu awaeleze maneno ya Kinyarwanda kama inyenzi, yaani mende, yalikuwa na maana gani yalipotamkwa 1994, wakati ule na kwa masikio yale. Akayesu alipatikana na hatia Septemba 1998, na uchochezi wa hadharani ulikuwa miongoni mwa makosa yake. Akafungwa maisha. Georges Ruggiu, Mbelgiji aliyetangaza katika RTLM, redio iliyochochea mauaji hayo, alikiri kosa akapewa miaka 12 mwaka 2000. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, alipewa kifungo cha maisha, na rufaa ikakipunguza kuwa miaka 30 mwaka 2007. Vifungo hivyo ni vizito, na sina huzuni navyo. Ila vilitolewa kwa sababu mashahidi waliosikia au kanda za matangazo zilikuwepo, na wa kuyafasiri maneno hayo walikuwepo.

Kwetu hata waliotumia kiberiti hawakupatikana. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa watu wakiwa ndani Januari 1, 2008. Aprili 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia washtakiwa wote wanne kwa kukosa ushahidi, na jaji akaulaumu upelelezi. Miaka kumi, ishirini, mia moja ingesaidia nini hapo?

Mpwa wangu anasomea sheria na tumebishana sana juu ya haya. Ananiambia Marekani neno halifungi mtu hadi lilenge kuzua vurugu papo hapo na liwe karibu kuzizua. Hivyo ndivyo mahakama yao ya juu ilivyoamua 1969 katika kesi ya kiongozi wa Ku Klux Klan. Ila aliyempiga mtu kwa sababu ya rangi yake anaweza kuongezewa kifungo, na mahakama hiyohiyo ilikubali hilo 1993 katika kesi kutoka Wisconsin ambapo kosa lenye ukomo wa miaka miwili lilileta minne. Yaani mkono ndio unaofungwa, na chuki inahesabiwa juu yake. Mpwa wangu anauona utaratibu huo kuwa safi. Mimi siuwezi. Mheshimiwa wetu hakusema kesho asubuhi. Alisema tukimaliza kura, na zilibaki wiki mbili. Fumbo linaweza kuiva taratibu na likafika siku yake.

Na bado, nikiendelea kuandika, ile miaka kumi inazidi kunitia wasiwasi. Naangalia ni nani hasa wanaofungwa. Mapema mwaka 2015 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alifungwa kwa aliyoyaandika Facebook. Alikiri, akahukumiwa, akapelekwa gerezani katika muda ambao kesi ya mwanasiasa haijapata hata tarehe ya kutajwa. Aliyoyaandika yalikuwa mabaya, siyatetei. Lakini Juni 2016 wanasiasa wa pande mbili walilazwa seli za polisi za Pangani, Nairobi, kwa madai ya uchochezi, wakatoka wakiitana marafiki. Tukumbuke pia kwamba hadi 2017 lilikuwa kosa katika kanuni ya adhabu kuidunisha mamlaka ya ofisa wa umma, mpaka Mahakama Kuu ilipokifuta kifungu cha 132. Mkurugenzi wa mashtaka akipewa miaka kumi ya kutumia, nani atakayeipata? Nadhani ni kijana mwenye simu na hasira, na pengine mwandishi aliyesema waziri ameiba. Katiba yetu katika ibara ya 33 imeshauweka mpaka: uhuru wa kusema haufiki kwenye uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Mpaka ninaukubali. Ninaogopa mkono wa anayeulinda.

Basi najikuta nimefika ambako sikukusudia. Msiiongeze. Acheni mitatu na mitano ilivyo, ila mtu wa jukwaani asipewe nafasi ya kuchagua faini, na afungiwe kugombea. Mikutano yote ya kampeni irekodiwe, na palipo na lugha ya mama pawe na mkalimani aliyeapa, asiyelipwa na mgombea. Na damu ikimwagika baada ya neno, aliyelitamka ashtakiwe kwa damu, si kwa neno. Hapo hata maisha naona ni sawa. Nasema hivi nikijua sikuchomewa kitu. Kama duka lingekuwa langu, huenda ningeishia pale nilipoanzia.

Fundi sasa anaishi mbali, kwa mwanawe, na hashoni tena kwa sababu ya macho. Nilimuuliza mwaka 2019 angetaka mtu yule afungwe miaka mingapi. Alifikiri sana. Alisema hakuwahi kufikiria miaka. Alichotaka ni mheshimiwa arudi asimame kibarazani pake, aitamke ile sentensi tena, safari hii kwa Kiswahili, yeye akiwa anamwangalia usoni. Hayo ni yake kuyataka. Mimi sina haki ya kusamehe kwa niaba yake, wala ya kudai kifungo kwa niaba yake.

Julai 2022 mgombea mwingine alikuja kituoni siku ya soko, na lori jingine. Walinitafuta, nikakataa kupanda. Nilisimama katikati ya watu, simu ikirekodi mfukoni. Akaanza kwa Kiswahili, kisha akahamia lugha yetu, na watu wakacheka. Mama mmoja muuza mitumba, mgeni hapo kwetu, alinigusa kiwiko.

"Anasema nini, Mwalimu?"

Nikamfasiria neno kwa neno. Ilikuwa habari ya daraja na bomba la maji, na mzaha juu ya mbunge aliyeahidi vyote viwili mara tatu.

Akaniuliza kama nina hakika. Nikairudia yote tena, polepole, pamoja na ule mzaha.