Barabara ya vumbi: tertiary au track?

SWALI: Tunabishana kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Barabara ya udongo inayounganisha vijiji nimeiandika highway=tertiary (lebo ya daraja la barabara), lakini mwenzangu kila mara anaigeuza track kwa kuwa haina lami. Nani yuko sahihi?

JIBU: Hoja ya lami haina uzito hapa. Lebo ya highway hueleza kazi ya barabara katika mtandao mzima, si hali ya uso wake. Track ni ya njia za kuingilia mashamba na misitu, na programu nyingi za kuelekeza magari huiepuka. Ukiipachika kwenye njia ya vijijini, dereva atazungushwa bure.

Hata hivyo, nawe usikimbilie tertiary. Kwa vijiji vidogo, unclassified, daraja lililo chini ya tertiary, inatosha. Hilo ni daraja kamili, ingawa wengi hulidhania alama ya barabara isiyojulikana, ambayo kwa kweli huandikwa highway=road. Tertiary iachie barabara inayokusanya magari ya vijiji kadhaa na kuyafikisha kwenye njia kubwa.

Udongo uandike kwenye surface=dirt, au compacted kama imeshindiliwa; mashimo na makorongo yaeleze kwa smoothness, lebo ya ulaini wa uso wa barabara.

Usirudishe tena lebo yako kimyakimya. Toa maoni kwenye seti ya mabadiliko ya mwenzako (kundi la marekebisho aliyoyahifadhi kwa pamoja), kisha pelekeni suala kwa wachoraji wengine wa nchi yenu. Mkikubaliana, andikeni kanuni kwenye wiki ya mradi, pamoja na picha za mfano kwa kila daraja. Mkibadilisha mamia ya barabara kwa mkupuo kabla ya hapo, mabadiliko hayo yanaweza kubatilishwa tu.