Rejesho limenishinda, benki niwaambie nini?

SWALI: Shikamoo dada. Nauza vitenge Mwanjelwa. Nina mkopo wa benki, dhamana ni hati ya kiwanja, rejesho 350,000 kwa mwezi. Barabara mbele ya fremu yangu imechimbwa, wateja hawapiti. Afisa mikopo akipiga simu sipokei. Jirani anasema nikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, nizibe pengo.
Mama Vitenge, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kausha damu achana nayo kabisa! Na simu pokea, ukijificha wanakuhesabu mkwepaji. Nenda tawini kabla tarehe ya rejesho haijafika, na daftari la mauzo mkononi. Picha za ile barabara pia zinasaidia. Taja kiasi unachomudu kweli, tuseme 200,000, usiahidi cha kuwafurahisha. Omba wakurefushie muda, au ulipe riba tu kwa miezi michache. Uliza jumla ya riba itaongezeka kiasi gani, kwa sababu itaongezeka. Ombi hilo liandike kwa barua yenye nakala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Makubaliano ya mdomo usiyategemee, maafisa huhamishwa. Wakikupuuza, walalamikie kwa maandishi. Usiporidhika, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati linalopokea malalamiko ya wateja wa mabenki.